Sura ya Tisa: Ndoa ya Dakika Tano

Ishbel Rankine aliigeuza picha kifudifudi juu ya meza ya jikoni, akachomeka ncha ya kisu chini ya msumari wa kwanza wa fremu.

"Taratibu, dada Ishbel," Una alisema. "Mama sina picha yake nyingine."

"Ningekuwa na haraka ningetumia nyundo. Nishikie kona hiyo."

Ilikuwa Jumanne asubuhi, Septemba ya mwaka 1958. Meli ya barua ingeondoka kisiwani Ardnarroch saa nne. Ijumaa, saa hiyo hiyo, kamishna wa ushahidi angeketi mjini Edinburgh kupima nani mrithi halali wa ulodi, yaani ubwana, wa Ardnarroch, na mpaka dakika ile Ishbel hakuwa na kitu cha kumwekea mezani. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa askari mpelelezi Glasgow, akastaafu akiwa sajini. Sasa alijitegemea, akitafuta warithi waliosahauliwa na wosia zilizopotea. Wiki tatu nzima alikuwa amefukua daftari za ndoa za kila kanisa, kisiwani na pwani yote ya bara inayokitazama kisiwa. Hakupata hata mstari mmoja.

Una Dunbreck alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Alikuwa mpeleka barua wa kisiwa, mwenye kondoo thelathini na baiskeli iliyosimama pale ilipopenda yenyewe. Mama yake, Peigi, alimwambia hadi siku ya kufa kwamba baba yake alikuwa Alasdair, mtoto wa kwanza wa Lodi wa tisa, na kwamba walioana. Alasdair alizama na meli ya kivita mwaka 1917. Lodi wa tisa alimwita Peigi mwongo na malaya mbele ya kanisa zima, na alipokufa yeye mwenyewe, mwaka 1921, cheo kilikwenda kwa Ranald, mdogo wake Alasdair. Ranald hakujaliwa mtoto. Alizikwa Februari, na kabla udongo wa kaburi haujashikana, binamu yake, Kapteni Torquil Dunbreck wa Edinburgh, alikuwa amekwisha kudai nafasi yake.

Ingekuwa cheo kitupu, watu wa kisiwa wangemwachia akivae kama kofia. Lakini kwa hati ya kale ya ukoo, ardhi yote ilifuata cheo. Torquil alikuwa amezipelekea barua familia ishirini na tatu: siku atakapothibitishwa, wajiandae kuhama kabla Novemba haijaisha, maana nyumba zitabomolewa na kisiwa kujazwa kulungu wa kuwindwa na wageni. Barua zile Una alizigawa mwenyewe, nyumba hadi nyumba. Ndiyo ilikuwa kazi yake.

Msumari wa mwisho ulitoka. Ishbel aliinyanyua picha kwa kucha, akaisogeza dirishani.

Wanawake watatu na mwanamume mmoja. Peigi alikuwa katikati, mfupi, kacheka mpaka macho yamefumba. Alasdair alisimama kando yake katika sare ya askari wa akiba wa majini.

"Watu wanasema picha hii ilipigwa wapi?"

"Hapa hapa. Gatini. Wanasema mama alikuwa mgonjwa wa mikono, ndiyo maana vidole vimefungwa vitambaa."

Ishbel aliinama karibu zaidi. Alikuwa akitazama vile vidole: kila kimoja kimezungushiwa kitambaa cheupe, kimefungwa kwa uzi. Wanawake wote watatu walikuwa hivyo.

"Una, mama yako alifanya kazi gani kabla hujazaliwa?"

"Alifuata heringi, kama wasichana wote wa hapa. Kutumbua samaki."

"Na mimi mama yangu alitumbua heringi miaka kumi na miwili. Huu si ugonjwa. Kisu kilikuwa kikali na chumvi ilikuwa chumvi, kwa hiyo walijifunga vidole kila alfajiri na kufungua jioni. Hakuna msichana aliyepiga picha na vitambaa mkononi. Ilikuwa aibu, walivaa nguo za kanisani. Hawa hawakupata nafasi ya kuvifungua. Kwa nini?"

"Walikuwa kazini."

"Walikuwa kazini, na mtu mwenye sare anaondoka. Askari wa akiba waliitwa lini?"

Una alifikiri. "Vita vilipoanza. Mwanzo wa Agosti, mwaka kumi na nne."

"Na mwanzo wa Agosti wasichana wa heringi hawakuwa hapa. Walikuwa pwani ya mashariki, upande wa pili wa nchi. Mimi nimekaa wiki tatu nikichimba pwani isiyo yake." Alijigonga paji la uso. "Sasa tazama kilichokuwa kimefunikwa na fremu."

Pembezoni, katika upana wa kidole gumba, palikuwa na pua ya mashua, na juu ya pua herufi mbili nyeupe: FR.

"Fraserburgh," Una alisema. Kila mtoto wa kisiwa alizijua herufi za mashua, kila bandari na zake. Sauti yake ilishuka. "Dada Ishbel, na kama ni picha tu? Kama hakuna kilichofanyika huko ila kuagana?"

"Basi Ijumaa nitakwambia hivyo mwenyewe, sitamwachia Torquil akwambie. Vaa koti. Wewe pitiliza Edinburgh unisubiri. Mimi nakwenda kutafuta hawa wanawake wawili."

*

Jumatano mchana, Fraserburgh ilikuwa na upepo wa kumtoa mtu kofia na nywele. Ishbel alianza kwenye ghala la nyavu. Mwanamke aliyekuwa akishona huko aliitazama picha kwa nukta mbili.

"Wasichana wa visiwani hao. Waliokuwa wakilala nyumba ya marehemu shangazi. Walihamia Kanada, mwaka ishirini na tatu, meli nzima."

"Wote?"

"Wote, mama. Umechelewa miaka thelathini na tano."

Ishbel alishukuru, akatoka nje. Angeweza kuishia pale. Lakini alikuwa amekwisha kusikia neno "wote" kutoka kwa mashahidi wengi mno, na mara nyingi lilikuwa na maana ya "wale ninaowakumbuka". Alikaa juu ya kamba iliyozungushwa, akaitoa picha tena. Watumbuaji walifanya kazi watatu watatu: wawili wa kisu, mmoja wa kupanga samaki kwenye pipa. Mpangaji alichaguliwa mrefu, ili mkono wake ufike chini ya pipa. Na mwanamke wa kulia kwenye picha aliwapita wenzake kichwa kizima.

Fundi mapipa wa mwisho wa bandari ile alikuwa na karakana yenye mlango mmoja na uzee wa miaka sabini na sita. Ishbel hakumtajia kisiwa wala jina.

"Mzee wangu, nani alikuwa mpangaji mrefu kuliko wote hapa, kabla ya vita vya kwanza?"

"Bathia," alisema papo hapo, hata picha hajaiona. "Bathia Duthie. Siku moja nilimwambia pipa lake halijajaa sawasawa, akanipiga heringi usoni mbele ya watu. Nikataka kumwoa, akakataa."

"Huyu?"

Mzee aliikodolea macho picha, uso wote ukalainika. "Ndiye huyo. Hawa wawili wengine ni wa kisiwani. Mpangaji wao aliugua mwaka ule, wakamchukua Bathia wetu msimu mzima."

"Na Bathia alikwenda Kanada?"

"Bathia? Hajawahi kufika hata Inverness! Nenda mtaa wa tatu, mlango wa kijani. Mwambie Wattie bado anamngoja."

Bathia Duthie alifungua mlango akiwa na unga wa shayiri mpaka kwenye viwiko. Miaka sitini na mitatu haikuwa imempunguza hata inchi. Ilimbidi ainame kidogo kumtazama mgeni wake.

"Kama unauza bima, nimekwisha kufa," alisema.

"Siuzi kitu, mama. Nimetumwa na Wattie, anasema bado anangoja."

"Aendelee. Ingia, unaniingizia upepo."

Ishbel aliweka picha mezani, akakaa kimya. Zamani, kikosini, alikuwa amewaona askari wengi wakiharibu shahidi mzuri kwa kumpa jibu ndani ya swali. Alitoa daftari, akaandika saa na tarehe.

"Niambie tu unachokiona, mama Bathia."

Bathia alifuta mikono. Alikaa. "Ee, Peigi," alisema taratibu. "Kamdomo kale. Na huyu ni Mairi, yeye alikufa huko Kanada. Na huyu ni Ally."

"Ally nani?"

"Baharia wa mashua ya Tait. Kijana maskini, hana hata soksi za pili, nilimfumia mimi. Alikuwa amegombana na baba yake huko kwao, akafukuzwa. Nilidhani baba yake ni mchungaji wa kondoo, kwa ukali aliousimulia."

"Siku hiyo ilitokea nini?"

"Walioana."

Kalamu ya Ishbel ilisimama. Alijilazimisha kuisukuma tena. "Wapi?"

"Pale pale, kando ya hori la samaki. Jumapili kutwa walikuwa wakiwaita askari wa akiba, tarishi wa simu anakimbia toka mlango hadi mlango. Jumatatu asubuhi tuko kazini, heringi mpaka magotini, Ally anakuja mbio, garimoshi linaondoka saa sita. Peigi akamwambia, 'Hupandi garimoshi hilo na kuniacha hivi hivi, wewe!' Msimamizi akatupa dakika tano. Tano! Nakwambia, alishika saa mkononi." Bathia alicheka. "Sheria ya siku zile ilikuwa hiyo, unajua? Huhitaji padri. Unasema mbele ya watu wawili, umemaliza. Ally akasema, 'Namchukua huyu kuwa mke wangu.' Peigi akasema, 'Na mimi namchukua huyu, na arudi mzima.' Mpiga picha alikuwa akizunguka kuwapiga askari, akatupiga bure. Kisha tukarudi kutumbua."

"Hawakuandikisha serikalini?"

"Kwa dakika tano? Walisema watakwenda kwa hakimu akipata likizo. Sijui kama walikwenda. Nilimwandikia Peigi mara mbili, barua zikarudi zimeandikwa 'hajulikani'. Lakini si tuliandika karatasi? Mairi aliogopa, akasema maneno hupeperuka. Karatasi hakuna, kila kitu kimelowa magamba. Nikatoa Biblia yangu mfukoni."

Bathia alinyanyuka, akafika kabatini bila kujinyoosha, akarudi na Biblia ndogo nyeusi iliyovimba kwa unyevu wa zamani. Aliufungua ukurasa mtupu wa mwanzo. Haukuwa mtupu.

*Mimi, Alasdair Dunbreck, leo nimemchukua Peigi MacAskill kuwa mke wangu, naye amenichukua kuwa mume wake. Fraserburgh, tarehe 3 Agosti 1914.* Chini yake sahihi mbili. Chini zaidi, mashahidi: Mairi Gillies. Bathia Duthie. Pembeni, gamba moja la samaki lilikuwa limegandia kwenye wino, kavu, linang'aa.

Ishbel alitoa kwenye mkoba nakala ya fomu ya Alasdair ya kuingia jeshi la akiba, akailaza kando ya Biblia. Ile D kubwa ilijikunja kama ndoano kwenye karatasi zote mbili. R ilikosa kichwa kwenye zote mbili. Alizitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mama Bathia, umeishi na kitabu hiki miaka arobaini na minne. Hukuwahi kumwambia mtu?"

"Nani aliuliza? Ndoa ya baharia na mtumbua samaki, gazeti gani lingeandika?" Alimtazama Ishbel kwa mashaka. "Kwani Ally alifanya nini?"

"Alikuwa mtoto wa kwanza wa Lodi wa Ardnarroch."

"Usinitanie, mimi mtu mzima! Jina lake Dunbreck."

"Dunbreck ni jina la ukoo. Ardnarroch ni jina la cheo. Ndiyo maana hukuyaunganisha, wala wao hawakukutafuta."

Bathia alikaa tena, mara hii kwa kishindo. "Nilimfumia Lodi soksi," alisema. Kisha, kwa sauti nyingine kabisa: "Walipata mtoto?"

"Binti. Alizaliwa tarehe mbili Mei."

Vidole vya Bathia vilitembea juu ya meza vikihesabu miezi. Alifika tisa, akaachia kicheko kilichotikisa vikombe. "Dakika tano za msimamizi, na kabla yake usiku wa Jumapili, ambao sisi hatukuuona! Nivae kofia ipi kwenda Edinburgh?"

*

Chumba cha kamishna kilikuwa na meza ndefu, madirisha marefu, na picha za watu waliokufa na majoho yao. Kamishna mwenyewe, Sherifu Haldane Auchterlonie, alikuwa na miaka sabini na peremende ya mnanaa shavuni. Upande wa kushoto alikaa Kapteni Torquil, tai yake ya kikosi imekaza shingo, na wakili wake, Bwana Pirie. Kulia alikaa Una katika koti lake la Jumapili. Wakili hakuwa naye, na kamishna alikuwa amemruhusu Ishbel amsemee. Nyuma yao, Bathia alikuwa amechagua kofia yenye manyoya ya kware, na aliyeketi nyuma yake hakuona kitu.

Biblia, ambayo Pirie alikuwa ameletewa nakala ya ukurasa wake tangu Alhamisi, ilipita kutoka mkono hadi mkono. Bathia alieleza kisa chake, pamoja na msimamizi na saa yake, na karani aliacha kuandika mara mbili ili acheke.

Bwana Pirie alisimama. "Mheshimiwa, tunaambiwa kuhusu ndoa isiyo na kanisa, isiyo na mwandikishaji, isiyo na mstari katika daftari lolote la Uskoti."

"Kabla ya mwaka 1940," Ishbel alisema, "kauli ya wawili mbele ya mashahidi ilitosha."

"Sheria hiyo nimeifundisha miaka ishirini, Bwana Pirie," kamishna alisema, akihamisha peremende. "Ilitosha. Endelea."

"Hata kama ingetosha, Mheshimiwa, mdai ni mwanamke. Mama anayegawa barua kwa baiskeli. Ulodi wa Ardnarroch umeshikwa na wanaume tangu—"

"Isipokuwa wa tatu," Ishbel alisema.

Pirie alishusha karatasi yake.

"Ledi Grizel, mwaka 1689. Baba yake alizama na meli, hana mtoto wa kiume, na ami yake Grizel yu hai, mzima, anataka kiti. Ami alileta wanaume mia mbili kuizingira ngome. Grizel alifunga lango, akala konokono wa pwani wiki kumi na moja na watumishi wake, mpaka ami akachoka akarudi bara. Cheo akakipata yeye, kwa sababu hati ya kwanza inasema warithi wa mwili, wa mkubwa kabla ya wa mdogo, wa kiume au wa kike. Jina lake liko kwenye jiwe la ukutani kanisani Ardnarroch pamoja na wenzake wanane. Ni la tatu kutoka juu. Kapteni angekuwa anakwenda kanisani angeliona."

Kamishna alikuwa tayari ameifungua nakala ya hati. Alisoma, kidole juu ya mstari, akatikisa kichwa kukubali. "Binti wa kaka mkubwa anamtangulia mdogo mtu. Hilo liko wazi. Kilichobaki ni ndoa."

Torquil alimgusa wakili wake kiwiko. Pirie alisita, kisha akatoa bahasha kwenye mkoba.

"Kuhusu ndoa, Mheshimiwa, mteja wangu ameona karatasi hii wiki hii katika meza ya marehemu Lodi Ranald. Ni barua ya Alasdair mwenyewe. Naomba niisome. 'Ardnarroch, tarehe 4 Oktoba 1914. Ndugu yangu Ranald, unaniuliza habari za yule msichana Peigi. Lolote walilotania marafiki zake huko Fraserburgh, sijamwoa wala sina nia ya kumwoa, na akija kudai, afukuzwe. Nimemkabidhi barua hii nahodha wa meli ya barua mkononi, anang'oa nanga sasa hivi.'"

Una aligeuka mweupe kama unga. Kauli ya mume mwenyewe, miezi miwili baada ya siku ile, kwamba ilikuwa utani: Ishbel alijua sheria ingelisikiliza neno hilo. Aliomba aione. Karatasi ilikuwa ya zamani kweli, yenye nembo ya ngome. Sahihi ilifanana, lakini D iliinama upande usio wake, nalo hilo Pirie angelibishia wiki nzima. Aliusoma mstari wa mwisho mara ya pili. Mara ya tatu.

"Ningependa kumuuliza Kapteni maswali machache."

"Bila shaka, mama," Torquil alisema, akiegemea kiti.

"Barua hii haikukaa siku kadhaa kabla ya kutumwa?"

"Imeandikwa 'sasa hivi'. Kusoma unajua, nadhani."

"Najifunza. Pengine tarehe aliikosea?"

"Mtu anayekwenda vitani hakosei tarehe. Isitoshe, babu yangu alikuwa mgeni ngomeni siku hiyo hiyo. Alinisimulia mwenyewe jinsi alivyomwona Alasdair gatini akimpa nahodha barua, na meli ikaondoka. Tarehe nne Oktoba."

"Uko tayari kulitia hilo sahihi?"

"Hata sasa."

Karani aliandika. Torquil alisaini kwa mbwembwe. Ishbel alingoja mpaka wino ukauke.

"Mama Bathia, tarehe tatu Agosti, siku ya ndoa, ilikuwa siku gani ya juma?"

"Jumatatu. Si nimeshasema? Jumapili mashua hazikutoka."

Ishbel aligeukia meza, akaandika huku akisema kwa sauti. "Kutoka Jumatatu tarehe tatu Agosti mpaka mwisho wa mwezi, siku ishirini na nane. Septemba, thelathini. Oktoba, nne. Siku sitini na mbili. Ni majuma manane na siku sita. Jumatatu, ongeza sita." Aliweka kalamu chini. "Karani, una kalenda za zamani?"

Karani alikwisha kuwa kwenye rafu. Alifungua kitabu chenye vumbi, akapeleka kidole chini, akakisimamisha. "Tarehe nne Oktoba 1914, Mheshimiwa. Jumapili."

Kisha Una Dunbreck, aliyekuwa hajafungua mdomo tangu asubuhi, alianza kucheka. Alijaribu kujizuia kwa leso, akashindwa.

"Bibi Dunbreck?" kamishna aliuliza.

"Nisamehe, Mheshimiwa. Ardnarroch, Jumapili ni Sabato, hata jogoo anafungiwa chini ya tenga. Meli ya barua inakuja Jumanne na Ijumaa, tangu enzi za babu zangu. Siku ya Jumapili haijawahi kufunguliwa kamba moja, vita au bila vita."

"Wakati wa vita mambo yalibadilika," Torquil alisema. Sauti yake ilikuwa imepanda kidogo. "Nahodha angeweza kuamriwa."

"Nahodha yupi, Kapteni?" Una aliuliza. Alikuwa amesimama. "Unamjua jina?"

"Sikumbuki kila mvuvi."

"Mimi namkumbuka. Alikuwa Murdo MacAskill, mzee wa kanisa. Alikuwa babu yangu, baba yake Peigi. Kwa hiyo unatuambia baba yangu aliandika barua ya kumkana mama yangu, akampelekea baba yake mama yangu mkononi, Jumapili, na babu akaichukua akaondoka nayo bila kumtupa majini?"

Bathia alipiga kofi moja kubwa la furaha, manyoya ya kware yakaruka. Bwana Pirie alikuwa akimtazama mteja wake kama mtu anayegundua kwamba amekalia kitu kilicholowa. Polepole, alikusanya karatasi zake zote, isipokuwa ile barua, akaisukuma mbali naye kwa ncha ya kalamu.

"Mheshimiwa," alisema, "sikuwa na habari. Naiondoa."

"Hutaiondoa," kamishna alisema. "Itabaki hapa, pamoja na maelezo ambayo Kapteni ameyasaini sasa hivi. Wapo watu wenye sare watakaotaka kuzisoma zote mbili. Kapteni, hapana, usitoke. Kaa."

Torquil alikaa. Tai yake ilikuwa imemkaba zaidi, au shingo ilikuwa imevimba.

Sherifu Auchterlonie aliitoa peremende, akaifunga kwenye karatasi, akaweka miwani sawa. Alisema polepole, ili karani asipitwe.

"Ripoti yangu itakwenda London, na huko watatia muhuri kwa wakati wao. Lakini kuamua yaliyotokea ni kazi yangu, na nimeamua. Tarehe tatu Agosti 1914, Alasdair Dunbreck alimwoa Peigi MacAskill, ndoa halali kwa sheria za Uskoti. Una ni mtoto wao wa pekee. Babu yake, Lodi wa tisa, alipofariki mwaka 1921, cheo hakikwenda kwa Ranald. Ranald alikikalia miaka thelathini na saba, lakini hakuwa nacho hata siku moja." Alimtazama Una juu ya miwani. "Ulikuwa na umri gani mwaka huo, bibi?"

"Miaka sita, Mheshimiwa."

"Basi umekuwa Ledi Ardnarroch wa kumi tangu ukiwa na miaka sita. Nasikitika tumechelewa kukuarifu."

Aliinuka kwenye kiti chake. Karani akainuka. Bwana Pirie akainuka. Kapteni Torquil Dunbreck alibaki ameketi mpaka kamishna alipomtazama, naye akasimama.

Una alishika ukingo wa meza. Ishbel alidhani angelia, akawa tayari na leso. Badala yake alivuta pumzi mpaka mabega yakapanda, na alipoongea, sauti yake ilikuwa ile ile ya kuitia mlango wa mtu kwenye upepo.

"Nina maneno mawili, Mheshimiwa. La kwanza, zile familia ishirini na tatu hazihami. Hakuna atakayehama leo, wala Novemba, wala nikiwa hai. Liandikwe hilo."

"Si sehemu ya ripoti," karani alinong'ona.

"Liandike," kamishna alisema. "Na la pili?"

"Mama yangu alizikwa na jina la baba yake, na msalaba wa mti, kwa sababu walisema hakuwa mke wa mtu. Nataka jina lake liingie humo."

Kamishna alimpa karani ishara. Karani alifungua ukurasa wa nasaba, ule mpana wenye majina ya mabwana wanane na bibi mmoja waliotangulia, tarehe zao, ndoa zao, mabinti wa maaskofu na wajane wa majenerali. Alichovya kalamu.

"Alasdair Dunbreck," alisoma huku akiandika, "alimwoa Peigi, binti wa Murdo MacAskill." Alinyanyua macho. "Safu hii inataka hadhi au kazi ya mke. Wengine hapa wameandikwa ukoo wao. Niandike nini, Ledi Ardnarroch?"

Una aligeuka, akamtazama Bathia, na mama yule mrefu akanyoosha mgongo mpaka manyoya yakagusa fremu ya picha ya jaji mmoja wa kale.

"Mtumbua heringi," Una alisema. "Na uandike kwa herufi kubwa."